Tone la Moto kwenye Ekru

Jumanne, 5 Novemba

Leo saa nne na dakika kumi asubuhi nimepoteza kadani ya nyuma, ile shafti inayozungusha magurudumu, pamoja na buloni zake nane na safari sita za mawe za wiki hii. Siandiki "tumepoteza". Gari ni yangu, hasara ni yangu.

Kona ya pili juu ya Nyakarenzo. Gari ilikuwa inapanda na tani saba za mawe ya msingi. Mdogo wangu Deo kwenye usukani, mimi kando yake kama kila Jumanne, daftari kwenye mapaja. Mlio mmoja chini ya sakafu. Kisha mwingine, kama muntu anapiga pipa kwa nyundo. Kisha injini ikalia bure, bila kazi, na gari ikaanza kurudi nyuma.

Deo akavuta feri ya mkono, breki ya kusimamishia. Hakuna kitu. Akakanyaga feri ya mguu. Ikashika mara ya tatu.

Nimeshuka nikapima kwa hatua. Mita kumi na moja. Tairi la nyuma lilisimama shibiri mbili kutoka kwenye mfereji. Chini ya mfereji kuna njia ya miguu, na bamaman watatu walikuwa wanapita na vikapu vya mihogo. Mmoja aliweka kikapu chini, akanitazama.

"Maman, leo ulitaka kutumaliza."

 Mawe mawili yalikuwa yameshuka mpaka miguuni pake.

Nimeitembea ile barabara nimeinama mpaka saa saba. Kati ya buloni nane nimepata tano, nne zikiwa vipande.

Jioni Mzee Bisimwa, fundi wangu wa miaka tisa, amekuja kuangalia. Hakuinama chini ya gari. Alisimama mikono nyuma.

"Ile barabara njo inakula magari, Maman Neema. Na Deo ana muguu nzito."

Akaenda. Deo ana mguu wa paka. Nina hasira.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Gari iko kwenye kiwanja cha nyumba, imevutwa na trakta. Buloni tano ziko kwenye meza ya kulia, juu ya gazeti.

Mbele ya kununua gari niliuza buloni kwenye ubao pale Kamembe, miaka minne. Mbele ya ubao nilibeba sambaza, dagaa wa ziwa, kichwani kupita daraja la mpakani. Unene wa buloni naujua kwa kidole gumba, bila kuangalia. Mzee Bisimwa anapenda kusahau hilo.

Nimepima hata hivyo, kwa pia-kulisi, ile rula ya chuma yenye midomo. Unene: milimita kumi na mbili, zote tano. Namba kichwani: 10.9, zote tano. Kwa hiyo chuma ni kizuri. Si ndogo, si za bandia. Hapo nimekasirika zaidi. Kintu kizuri kikikatika, kuna muntu nyuma yake.

Nne zimekatika mahali pamoja, milimita mbili kutoka kwenye ekru, ile nati ya kufungia. Ya tano haijakatika, ina ufa mwembamba kama unywele, pale pale. Na kila ekru ina tone la chuma kilichoyeyuka, kubwa kama punje ya muhindi. Mzee anafunga hivyo. Anakaza ekru, halafu anaigusa kwa moto wa kuchomelea isifunguke tena. Hapa kwetu kila shofere anajua: ekru iliyochomwa haitembei.

Haitembei, kweli. Lakini buloni imekatika.

Feri ya mkono imenisumbua mchana mzima. Mbona haikushika? Nimelala chini ya gari juu ya gunia, nikaifuata kwa kidole. Kwenye gari hii feri ya mkono haishiki magurudumu. Inashika ngoma nyuma ya boksi ya vitesi, sanduku la gia. Ngoma inashika kadani, kadani inashika magurudumu. Kadani ikianguka, feri ya mkono imeshika hewa. Na injini haizuii tena gari kwenye mteremko.

Kwa hiyo buloni nane zilikuwa feri mbili kati ya tatu. Miaka tisa sikulijua hilo. Nilijua bei ya tairi na lita za mafuta kwa kila kilima, hilo sikulijua.

Na jana tulikuwa tunapanda. Kesho yake tungekuwa tunashuka.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimevuka daraja la Rusizi II saa moja na nusu na kifuko kitupu. Kadani tatu, kila moja ina viungo viwili, kila kiungo buloni nane. Arobaini na nane. Mbili za akiba. Hamsini.

Bukavu nimepita wauzaji watatu. Wa kwanza anauza kwa kilo, namba za kichwani zimepindapinda, zimegongwa kwa mkono. Sikusimama. Wa pili ana 8.8 tu. Buloni ya 12 yenye 8.8 inakatika kwa tani sita na nusu hivi. 10.9 inafika nane na kitu. Kwa barabara ya lami ningefikiri. Kwa Nyakarenzo sifikiri.

Wa tatu alinisukumia 12.9, nyeusi, zinang'aa mafuta.

"Hizi njo za mwisho, Maman. Tani kumi. Hakuna ya kuzipita."

Ndiyo, tani kumi. Lakini chuma kikali hivyo hakitoi taarifa. Kinakaa, kinakaa, halafu hakipo. 10.9 inavutika kidogo kwanza, ekru inalegea, unasikia mlio, unasimama. Mimi nataka kintu kinachosema kabla ya kufa. Nikamwambia 10.9.

Nikazichagua moja moja. Zenye uzi wa skrubu mpaka kichwani nimezirudisha. Shingo laini lazima ipite kwenye viungo vyote viwili, uzi uanzie nje, kwa sababu buloni inakatwa mahali penye uzi. Nimerudisha kumi na tisa. Muuzaji akachoka.

"Maman, ni buloni unachagua ao ni bwana?"

"Bwana nilichagua mbio. Njo maana leo nachagua buloni peke yangu."

Alicheka mpaka akaongeza ekru mbili. Ekru nimechukua mpya zote, zile zenye mdomo uliobanwa, zinazojishika zenyewe. Hazihitaji moto wa muntu.

Saa tisa nimefika nyumbani. Deo alikuwa amekata buloni zote za zamani, arobaini. Thelathini na nane zina tone. Mbili za mbele hazina, mkono wa Mzee haukufika pale. Basi nimepata kipimo: umri mmoja, barabara moja, chuma kimoja. Tofauti ni tone tu.

Nimebana isiyo na tone kwenye etau, jiliwa la mezani. Deo amepiga kwa nyundo ya kilo mbili. Pigo tisa. Imepinda kama kidole, haikukatika.

Nimebana yenye tone. Pigo la kwanza, kimya. Pigo la pili, kichwa kimeruka mpaka kwenye ukuta. Ndani inang'aa kama sukari guru iliyovunjwa. Nimejaribu tano. Hakuna iliyofika pigo la nne.

Moto unaua chuma kando ya tone. Basi. Mzee ameniua nikiwa hai, nilisema hivyo kwa sauti, Deo ananiangalia.

Halafu nimeenda kutafuta daftari za zamani, kuona ni lini alianza huu ujinga. Nilitaka tarehe ya kumtupia usoni. Nimeipata. Aprili, miaka miwili imepita, mwandiko wangu mwenyewe: "Ekru mbili zimepotea tena. Nimemwambia Mzee achome zote. Amesema hajawahi kuchoma za kadani, anaogopa. Nimemwambia gari ni ya nani? Amechoma."

Nimesoma mara nne. Maneno hayakubadilika.

Ijumaa, 8 Novemba

Sikutaka kuandika leo.

Saa mbili asubuhi nimesikia kwamba gari ya njano, ile inayobeba matofali, imeangusha kadani Mururu. Nimepanda pikipiki. Ilikuwa tupu, kwenye kiwanja cha tanuru, mahali tambarare. Hakuna aliyeumia. Shofere alikuwa anacheka, anawaonyesha batoto jinsi kadani ilivyochimba udongo. Shimo la mkono mzima. Ingekuwa kwenye mwendo, kadani ingechomeka na kuisimamisha gari kwa pua.

Nimeinama. Buloni nne kwenye matope, na tone kwenye kila ekru.

"Nani alizifunga?"

"Mzee Bisimwa. Alisema anafunga kama kwa Maman Neema, haifunguke tena." Halafu akanitambua, akaongeza kwa heshima: "Si njo weye? Bashofere benyi banakusifu."

Kama kwa Maman Neema. Jina langu limekuwa jina la kazi mbaya, na wananisifu.

Nimekumbuka Pasaka, kwenye uwanja wa kanisa. Mzee ni mzee wa kanisa letu. Alikuwa amekula vizuri, anajisifu mbele ya wanaume: tangu ile ya Maman Neema, amefunga magari kumi na moja kwa moto, hakuna hata moja lililorudi kwa ekru. Kumi na moja, yangu ndani yake. Nakumbuka namba. Namba sisahau hata nikitaka.

Kumi na moja, toa yangu, toa ya njano. Tisa. Tisa yako barabarani leo, kwenye mvua.

Mchana nimeenda garajini kwake. Nilimpa vipande viwili, chenye tone na kisicho na tone. Alivigeuza mkononi muda mrefu. Anajua chuma kuliko mimi, alijua palepale. Nilimwona akijua.

"Barabara," akasema.

"Mzee. Magari gani?"

"Ni mawili tu, ao matatu. Sikumbuke muzuri."

"Pasaka ulisema kumi na moja."

"Pasaka nilikuwa nimekunywa bia ya primusi, Maman."

Wanaume wawili waliokuwa wanabadilisha tairi walicheka. Yeye hakucheka. Aliweka vipande vyangu mfukoni mwake, akavifunika kwa mkono. Sikuvidai.

Sijawahi kumwona akiogopa hivi. Na mimi naogopa zaidi kwa sababu yeye anaogopa.

Jumamosi, 9 Novemba

Asubuhi tumerudisha kadani iliyoanguka, tukafunga buloni zote arobaini na nane, mimi na Deo. Kwa msalaba: moja, ya kukabili, ya kando, ya kukabili. Mara ya kwanza nusu ya nguvu, mara ya pili kamili, kwa ufunguo wa buloni wenye saa ya kupima nguvu, niliouazima. Kisha mstari mmoja wa rangi nyeupe, kutoka kwenye ekru mpaka kwenye kiungo. Ekru ikisogea hata kidogo, mstari umevunjika, jicho linaona. Baada ya kilomita hamsini tunarudia. Rangi ya kucha ya binti yangu. Hiyo ndiyo ingefanya kazi ya moto tangu siku ya kwanza.

Mstari wa rangi. Miaka minne nimeuza buloni na sikuwaza mstari wa rangi.

Saa tano Papa Shabani amepita na lori lake, tupu, kutoka kupeleka mpunga wa Bugarama. Nilikuwa langoni. Lilipopunguza mwendo kwenye kona nikausikia, chini ya sakafu. Mlio mmoja. Halafu mwingine.

Nimekimbia. Mwanamke wa miaka yangu, na kandambili, katikati ya barabara. Akasimama, kichwa nje ya dirisha.

"Maman Neema! Nani amekufa?"

"Bado. Shuka."

Anamwamini Mzee kuliko daktari. Alisema Mzee amemfunga mwaka jana, hajakaza kintu tangu siku ile, anashukuru Mungu. Sikubishana. Nilibana moja ya zangu, yenye tone, kwenye etau, nikampa nyundo mwenyewe. Pigo la pili. Akaokota kile kichwa, akakifuta kwa kanzu, akakitazama. Halafu nilimwonyesha feri ya mkono inapita wapi.

Alikaa juu ya ngazi ya lori lake. Muntu wa kupiga kelele siku zote, sasa sauti yake ilikuwa chini.

"Jumatano nilishuka na gunia mia moja na kumi," akasema. "Na shemeji yangu juu ya gunia, na batoto wake wawili."

Ameliacha lori langoni kwangu. Amekwenda nyumbani kwa pikipiki. Kabla ya kupanda aliniuliza nani alianza hii kazi ya moto. Nimemwambia ni mimi.  Aliinua mkono kidogo, kama kwenye msiba, akaenda.

Baada yake tumelala chini ya lori. Kwenye kiungo cha nyuma, buloni tatu kati ya nane zilishakatika. Zilikuwa zinakaa kwenye matundu kwa kutu tu.

Tisa, toa Papa Shabani. Nane.

Nimezunguka mchana wote pale magari yanapolala. Mengine yamefungiwa ndani, mengine yamefunikwa na matope mpaka ekru hazionekani, mengine yako Bukavu, mengine yako bondeni. Mashofere wawili wamenifukuza. Mmoja aliuliza kama nimeanza kuiba vipuri uzeeni. Nimeangalia sita. Hakuna lenye tone. Kwa njia hii nitamaliza baada ya mwezi. Muntu mmoja tu anajua majina, na anayajua yote. Mzee hasahau gari. Anasahau kodi, anasahau sikukuu ya mke wake, gari hasahau.

Jumapili, 10 Novemba

Kanisani ameomba sala ya wasafiri. Sauti yake nzuri kama siku zote. Nilimtazama mpaka "amina". Hakunitazama.

Nje, chini ya ukuta, nikamfuata. Mke wake akasogea pembeni, amejua kuna kintu.

"Nitasimama pamoja nawe," nimemwambia. "Nitasema ni mimi nilikutuma."

"Weye utasema, weye utabaki na gari yako. Miye nitabaki na nini? Niko na myaka makumi sita na tatu, Maman. Nikisema, kesho hakuna muntu ataleta hata baisikeli kwangu."

"Na usiposema?"

"Labda hakuna kintu kitafanyika. Myaka mbili hakuna kintu kilifanyika."

"Wiki hii mawili yameanguka. Mzee, weye unajua chuma."

Akavaa kofia. "Ulisema gari ni ya nani. Unakumbuka? Nilikuambia naogopa, ukasema gari ni ya nani."

Nakumbuka. Nimemwambia nakumbuka. Tukasimama pale kama bantu wawili wanaongoja mvua iishe, na haikuwa inanyesha.

Hakuna ubaya ndani yake. Hilo ndilo baya. Angekuwa mwizi ningejua la kufanya.

Sasa saa kumi na moja jioni. Mawingu yameshuka mpaka kwenye migomba. Deo amelala kwenye kiti, mikono ina rangi nyeupe bado. Binti yangu anapika. Sina hasira tena, nimeitafuta, haipo. Nina namba tu. Kesho ni Jumatatu, siku ya kupakia. Mawe, mpunga, matofali, simenti. Magari yanatoka saa moja.

Nimemwandikia karatasi. Deo ataipeleka akiamka. Nanakili hapa, kusudi nisije nikasema niliandika kingine.

"Mzee Bisimwa. Ulifunga kwa moto magari kumi na moja. La kwanza nilikutuma mimi, na nitalisema mbele ya kila muntu, kwa jina langu, hata ukinyamaza. Matatu yamejulikana. Yamebaki manane. Sikuulizi kwa nini, na sikuulizi nani ana kosa. Nakuuliza kintu kimoja: ni ya nani? Buloni nitapata, mikono ya kufunga nitapata. Majina sina. Usinijibu 'mawili ao matatu'. Niandikie majina manane, si saba, nyuma ya karatasi hii, ifike kwangu kesho kabla ya saa kumi na mbili kamili asubuhi."